Fundi Ajuaye Pa Kukomea

Injini ya chensoo, yaani msumeno wa mnyororo, haina vali. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulishika kabla ya kumtazama fundi wake akiwa kazini. Gari lina vali za kufungua na kufunga njia za hewa na moshi, pamoja na kamshafti ya kuzisukuma kwa wakati wake. Chensoo ina pistoni tu, na ukuta wa silinda uliotobolewa madirisha. Pistoni ikipanda inafunika dirisha hili na kufunua lile. Ikishuka, mambo yanageuka. Yenyewe ndiyo inayotoa nguvu na ndiyo inayopanga zamu za kila kitu kingine.

Chukua mashine ya sentimita za ujazo 70, saizi ya kazi nzito wanayoipenda waangushaji wengi wa miti. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 50 na husafiri milimita 36 kupanda na 36 kushuka. Resi ikifika 13,500 kwa dakika, safari hiyo ya kupanda na kushuka inarudiwa mara 225 kila sekunde. Dirisha la moshi hukaa wazi karibu sehemu mbili za elfu za sekunde. Ndani ya muda huo moshi wa moto uliopita lazima utoke, mchanganyiko mpya wa hewa na petroli uingie, na huo mpya usiufuate moshi nje. Wapo mafundi wanaoingia na tupa na msasa katika nafasi finyu kiasi hicho, wakatoka na injini ileile inayokata gogo lilelile kwa muda mfupi zaidi. Mteja husema ameongezewa nguvu. Fundi mwenyewe anajua kwamba nguvu ilikuwamo tangu kiwandani, imezuiwa hapa na pale kwa sababu tofauti, na kazi yake ni kuchagua kizuizi cha kuondoa na cha kuacha. Umahiri wote uko kwenye kuacha.

Muundo wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1891 Joseph Day, mhandisi wa mji wa Bath nchini Uingereza, alipata hataza ya injini inayotumia upande wa chini wa pistoni kama pampu: pistoni ikishuka inabana mchanganyiko ndani ya kasha la kranki na kuusukuma upande juu. Haukupita muda, mfanyakazi wake Frederick Cock akaonyesha kwamba hata vali iliyobaki ya kuvutia hewa si ya lazima, kwa kuwa sketi ya pistoni inaweza kufungua na kufunga njia hiyo. Katika miaka ya 1920 Adolf Schnürle wa Ujerumani akatatua tatizo kubwa lililobaki, la mchanganyiko mpya na moshi wa zamani kuchanganyikana. Aliyaelekeza madirisha ya kupandishia mchanganyiko upande ulio mbali na dirisha la moshi, hivyo mchanganyiko ukapanda na ukuta wa nyuma, ukageuka kwenye kichwa cha silinda, ukashuka ukisukuma moshi mbele yake, kama ufagio unaoanzia kona ya mbali na kuishia mlangoni. Tatizo ni kwamba ufagio huo ni petroli. Ukipita mlango, umepotea, na pesa ya mwenye mashine imepotea nao. Ubishi wote wa kutuni injini hizi unaanzia hapo: utafagia kiasi gani kabla ya kuanza kumwaga?

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ni mahali pazuri pa kuutazama ubishi huu. Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, liko Mufindi, na kulizunguka yamesambaa mashamba ya misindano na mikaratusi ya wananchi hadi Njombe. Chensoo zinaangusha, zinapogoa, zinakata magogo kwa urefu unaotakiwa, kisha magogo yanakokotwa hadi kwenye mashine za kupasulia mbao ziitwazo dingdong. Mashine ya mkataji hushinda ikinguruma. Ikifa, siku ya kibarua na ya wapakiaji wanaomsubiri imekufa nayo. Kwa hiyo mji wa Mafinga, hukohuko Mufindi, haukosi fundi mwenye meza, jiliwa, kopo la petroli ya kuoshea na bisibisi nyembamba mfukoni.

Mazungumzo huanza karibu kila mara kwa namna moja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ina nini?"

"Haina nguvu. Naomba uniongezee."

Fundi mzuri haigusi injini. Anashika mnyororo, anapitisha ukucha kwenye meno, anatazama vile vituta vidogo mbele ya kila jino vinavyoamua jino lizame kiasi gani. "Ulipokuwa unakata, ilitoa chenga au unga?" Kijana anakiri kwamba ni unga. Meno makali hutoa chenga nene, meno butu hutoa unga, na mtu anayesukuma mashine kwa mabega ili ikate huishia kuilaumu injini. "Kanoe kwanza, mwanangu. Ukirudi bado unalalamika, tutaifungua." Hapo fundi amejinyima fedha, na ndipo heshima yake inapoanza. Injini iliyofunguliwa kwa kosa la mnyororo ni injini iliyoharibiwa kwa kulipia.

Akirudi akiwa na mnyororo uliotiwa tupa vizuri na malalamiko yaleyale, fundi bado hapandishi nguvu. Anatafuta uvujaji. Kasha la kranki ni pampu, na pampu inayovuja haiaminiki. Sili za kranki zikichakaa au mpira wa kabureta ukipasuka, hewa isiyopimwa huingia, mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inakosa petroli na pia oili iliyomo ndani ya petroli hiyo. Injini haitangazi ugonjwa huu, tena hupiga resi nzuri zaidi siku chache kabla ya kunoki. Mwenye vifaa huziba njia zote na kujaza hewa ya shinikizo la nusu baa, akaitazama saa ya shinikizo kama inashuka. Asiye na saa huzamisha injini iliyozibwa kwenye beseni la maji na kutafuta mapovu. Kisha anavua ekzosi na kuitazama pistoni kupitia dirisha la moshi. Mikwaruzo ya wima upande huo inamwambia kwamba joto limezidi na oili imepungua. Hapo atakarabati, wala hatatuni.

Injini nzima ikithibitika kuwa salama, kazi inaanza kwa kitu kilicho nje kabisa: bomba la moshi. Ekzosi ya chensoo ni kikopo kidogo chenye mwanya mwembamba wa kutokea. Viwanda huubana mwanya huo kwa sababu za haki: sheria za kelele na za moshi katika nchi zinakouzwa mashine hizi, na usalama wa sikio la mkataji. Mwanya ukiongezwa kwa kiasi, injini inapumua, na kwa mashine nyingi hatua hii moja, ikifuatiwa na marekebisho ya kabureta, huleta badiliko kubwa kuliko yote yatakayofuata ukilinganisha na gharama yake. Lakini fundi wa Mufindi ana jambo analolijua kuliko mwenzake wa mahali penye mvua mwaka mzima. Ndani ya ekzosi kuna wavu wa kuzuia cheche. Wapo wanaoung'oa, kwa kuwa unaziba kwa masizi. Yeye anausugua kwa brashi ya waya na kuurudisha, maana majani makavu ya misindano wakati wa kiangazi hayahitaji zaidi ya cheche moja, na mto wa moto ukianza shambani hakuna atakayeuliza mashine ilikuwa na nguvu kiasi gani. Tena anamwambia mteja avae vizuia sauti masikioni, kwa sababu sasa mashine italia zaidi.

Baada ya hapo silinda inavuliwa, na tunaingia kwenye vipimo vya nusu milimita. Pistoni ikifika juu kabisa, unabaki mwanya kati ya ukingo wake na kichwa cha silinda. Ukiwa mpana, mchanganyiko uliojificha pembeni hauungui vizuri. Ukiwa finyu ipasavyo, pistoni inapokaribia juu huusukuma mchanganyiko huo kwa kasi kuelekea katikati, kwenye plagi, na moto unasambaa haraka na sawasawa. Fundi huupima kwa waya laini wa risasi ya kulehemia: anaupitisha kwenye tundu la plagi hadi uguse ukuta, anazungusha kranki kwa mkono, anautoa ukiwa umebanwa, anapima unene wa ncha. Wengi hulenga karibu nusu milimita. Chini ya hapo ni kamari, kwa kuwa injini inayozunguka mara 225 kwa sekunde hunyoosha vyuma vyake kidogo, na masizi nayo yana unene.

Njia rahisi ya kupunguza mwanya ni kuondoa gasketi ya chini ya silinda au kuikereza silinda yenyewe. Hapo ndipo mtu wa haraka huanguka, kwa sababu silinda ikishuka nusu milimita, madirisha yote yameshuka nayo. Dirisha la moshi sasa linafunguka kwa kuchelewa, na ya kupandishia mchanganyiko vilevile. La kuvutia hewa, ambalo hufunguliwa na sketi ya pistoni kutoka chini, linafanya kinyume: linawahi kufunguka na kuchelewa kufunga. Mtu amegusa kitu kimoja na vinne vimesogea. Ndiyo sababu fundi makini hufunga bamba la digrii kwenye kranki kabla ya kufungua lolote, anaandika kila dirisha linafunguka digrii ngapi na kufunga ngapi, na anaandika tena kila baada ya badiliko. Daftari lake limejaa mafuta, ila tarakimu zinasomeka.

Sasa tupa na jiwe la kusagia. Kwenye misumeno mingi ya kazi dirisha la moshi hukaa wazi kwa digrii 150 hadi 165 za mzunguko, na madirisha ya kupandishia kwa digrii 110 hadi 125 hivi. Tofauti yake, igawe mara mbili, ndiyo nafasi ambayo moshi unapewa kutangulia kabla mchanganyiko mpya haujaanza kuingia. Nafasi hiyo ikipungua mno, moshi wenye shinikizo hurudi chini kwenye kasha na kuuchafua mchanganyiko. Ikizidi mno, mlipuko unaachiwa nje kabla haujamaliza kuisukuma pistoni. Kwa pistoni inayosafiri milimita 36, kuupandisha ukingo wa juu wa dirisha la moshi kwa milimita moja tu huongeza karibu digrii saba za muda wa kuwa wazi. Injini inapata resi ya juu zaidi na inapoteza misuli ya chini. Kwa anayepogoa matawi membamba, biashara hiyo ina faida. Kwa anayelaza gogo na kulipasua kwa urefu, mashine ikiwa imelemewa dakika nzima bila kupumzika, ni hasara, kwa sababu yeye anahitaji nguvu isiyokufa mnyororo unapozama. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi kabla ya kuwasha jiwe lake ni "Unakatia nini?"

Upana nao una mpaka wake. Dirisha likipanuliwa, moshi hutoka kwa urahisi bila kugusa muda, na hilo linavutia. Lakini ringi ya pistoni hupita juu ya dirisha hilo ikiwa inajitanua kutokana na mkazo wake. Ikikosa ukuta wa kuizuia, hutokeza nje kidogo, na ikirudi hukwama ukingoni. Mafundi wengi hukomea karibu theluthi mbili ya kipenyo cha silinda, na huuacha ukingo wa juu na wa chini katika umbo la upinde ili ringi irudishwe polepole. Pia huangalia kipini kidogo kinachozuia ringi isizunguke, kwa kuwa ncha za ringi zikiangukia ndani ya dirisha, silinda imekwisha siku hiyohiyo. Utando mgumu wa ndani ya silinda una wembamba wa kuchubuka kwa jiwe lililoelekezwa vibaya. Kila ukingo uliosagwa lazima uvunjwe makali kwa msasa, kwa mkono, kwa subira, hadi kidole kikipita kisihisi kitu. Kazi hii haina picha nzuri na haisikiki mtaani, ila ndiyo inayoamua kama mashine itaishi msimu au wiki. Aluminiamu iliyosagwa hairudi. Anayesaga robo milimita, akapima, akafunga, akajaribu, ataonekana mzembe mbele ya anayesaga milimita mbili kwa mkupuo. Tofauti yao hujulikana baadaye, dukani kwenye bei ya silinda mpya.

Wanaojua historia ya injini hizi watauliza kuhusu bomba refu lenye tumbo. Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ huko Zschopau katika Ujerumani Mashariki, alionyesha kwamba mawimbi ya sauti ndani ya bomba la umbo maalumu yanaweza kuvuta moshi nje kisha kuurudisha ndani mchanganyiko uliotoroka, na kufikia 1961 pikipiki yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu-farasi 25, yaani 200 kwa lita. Mwaka huohuo mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi, na elimu hiyo ikaenda naye Suzuki. Misumeno ya mashindano ya wakata magogo Marekani na Ulaya huvaa mabomba ya namna hiyo. Shambani hayafai: ni marefu, yanaunguza, yanakwama kwenye matawi, na hufanya kazi vizuri katika resi chache tu. Fundi wa kazi anazijua habari za Kaaden kwa heshima, kisha anarudi kwenye kikopo chake.

Yote hayo yakiisha, mashine bado haijatuniwa. Imerekebishwa tu. Kutuni kunafanywa kwa bisibisi nyembamba na masikio, kwenye skrubu tatu za kabureta: moja ya resi ya chini, moja ya resi ya juu, moja ya sailensa, yaani mwendo wa injini trigari ikiwa haijabonyezwa. Kabureta hii haina boya, ina utando wa mpira, ndiyo maana chensoo hukata ikiwa imelazwa ubavu au imepinduliwa. Injini inapashwa moto kwanza, chujio la hewa likiwa safi. Fundi anaweka resi ya chini mpaka ukibonyeza trigari inaitika bila kusita, anashusha sailensa mpaka mnyororo usimame, kisha anaingia kwenye skrubu ya juu, ile inayoua.

Anaifungua mpaka petroli izidi. Ikipigwa resi yote hewani, injini hiyo haitoi mlio mmoja ulionyooka. Inakwaruza, inachanika, kama inawaka mzunguko huu na kuuruka unaofuata. Mtu asiyejua atasema inamisi. Fundi anafurahi, kwa kuwa mlio huo ndio dalili kwamba petroli na oili vinatosha kuipoza pistoni. Kisha anaingiza upanga kwenye gogo. Mzigo ukishika, mlio unatakiwa kusafika papo hapo, na ukiinua msumeno kidogo, mkwaruzo urudi. Ukisafika hewani bila mzigo, mchanganyiko ni mkavu, na uzuri wa sauti hiyo ndio mtego. Usiposafika hata ndani ya gogo, petroli imezidi. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi ndogo, chini ya robo ya mzunguko wa skrubu, na hapo ndipo fundi anapotafuta, akigusa, akikata, akisikiliza. Baadhi ya koili huzima moto zenyewe resi ikizidi, na mlio wake unafanana mno na wa petroli iliyozidi. Anayedanganyika ataendelea kukaza skrubu huku akidhani bado yuko salama. Ndiyo maana fundi huiamini plagi iliyotoka kwenye mkato halisi pamoja na sikio: rangi ya kahawa nyepesi inampa usingizi, nyeupe inamnyima.

Kisha kuna suala la mwinuko. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Kilombero, yaliko mashamba ya mitiki, liko chini ya mita 300. Mkataji akipata kazi huko akashuka na mashine yake, kila lita ya hewa itakayoingia kwenye injini ina oksijeni zaidi kwa karibu moja ya tano, ilhali skrubu iko palepale. Mashine iliyokuwa sawa kwenye baridi ya Mufindi sasa ni kavu, kwenye joto, ikikata mti mgumu. Mashine mpya zenye kabureta ya kielektroniki hujirekebisha zenyewe, lakini nyingi zilizo mikononi mwa wakataji hazina akili hiyo. Vivyo hivyo kwa anayebadili kipimo cha oili kutoka mililita 20 kwa lita hadi 40 akidhani anailinda injini. Oili ikiongezeka, petroli imepungua katika tone lilelile, na mchanganyiko umesogea upande wa ukavu. Fundi anayaeleza haya wakati wa kukabidhi, na anamwonyesha mteja mwenyewe skrubu ya juu na upande wa kuifungua.

Mwisho ni jaribio, nalo halifanywi hewani. Gogo moja lisilo na vifundo, mnyororo uleule ulionolewa, mkato mmoja kabla ya kazi na mingine baada yake, sekunde zikihesabiwa kwa simu. Kupiga resi barazani ili watu wageuke ni maonyesho. Gogo halishangilii. Kama mkato haukupungua muda, fundi anarudi kwenye daftari. Kama umepungua, mteja huchangamka na kuomba kidogo tena, dirisha lipande zaidi, mwanya upungue zaidi, maana amekwisha kuonja. Hapo ndipo utamtambua fundi. Aliyemzidi mteja kwa uroho tu atasema sawa, na miezi miwili baadaye watakutana kwa ugomvi juu ya pistoni iliyoyeyuka. Fundi wa kweli anajua kwamba katika injini isiyo na vali kila kitu kinakopa kutoka kwa kingine, na kwamba amekopa kiasi ambacho mashine hii inaweza kulipa ikikata misindano tangu asubuhi hadi jioni. "Basi, mwanangu, hapa panatosha," anasema, anafuta mikono na kutaja bei.